Wapiga Upinde na Bwana Wao

Kurasa hizi zimezoea kupokea maneno ya lugha zetu na desturi za watu wetu, wala si mahali pa kusifia vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Lakini kitabu tutakachokisema hapa kilitushika kwa ajili ya neno moja, na neno hilo likatupeleka katika desturi za Wasukuma tukaao nao huku Shishiyu, katika mkoa wa Simiyu, hata tukaona si haki kukaa na mambo hayo peke yetu. Kitabu chenyewe ni The White Company cha Arthur Conan Doyle, kilichotolewa mwaka 1891. Wengi humjua Doyle kwa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Yeye mwenyewe aliziona hizo kuwa kazi ndogo, akakithamini zaidi kitabu hiki cha vita vya kale.

Habari yake ni ya miaka 1366 na 1367. Kijana Alleyne Edricson amelelewa na watawa wa Beaulieu, kusini mwa Uingereza. Baba yake aliacha wasia ya kwamba mwanawe akitimiza miaka 20 atoke akakae ulimwenguni mwaka mmoja, ndipo achague maisha atakayo. Njiani akutana na John wa Hordle, jitu la nguvu lililotoka utawani kwa makosa, na Samkin Aylward, mpiga upinde aliyerudi kutoka vita vya Ufaransa akitafuta watu wa kuongeza kikosi chake. Wote watatu wamfuata Sir Nigel Loring, wavuka bahari mpaka Bordeaux, kisha waenda Hispania pamoja na mwana wa mfalme wa Uingereza, ili kumrudisha Pedro katika kiti chake cha Castile. Kikosi karibu chote chafa juu ya kilima. Alleyne arudi kwao na kumkuta Maude, binti wa Sir Nigel, yu tayari kuingia utawani kwa kudhani ya kuwa mpenzi wake amekufa. (Makasisi wasikasirike na sura za kwanza: Doyle awacheka watawa, lakini yule abate mkuu amemwacha na heshima yake.)

Kitabu hiki tulikisimulia jioni za kiangazi, pamba ikiisha kuvunwa, kwa Kiswahili na mara kwa mara kwa Kisukuma, mbele ya vijana waliomaliza shule na wazee waliopita njia wakakaa. Hayo tutakayosema juu yake mengi yalizaliwa katika maulizo yao.

Shida ya kwanza ilikuwa mlangoni kabisa, yaani katika jina. Tuliposema "Kampuni Nyeupe", mzee mmoja aliuliza kama ni wanunuzi wa pamba. Hakukosea. Katika Kiswahili kampuni ni ya biashara, na historia ya nchi hizi imelitia neno hilo uzito wake, maana mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ilipewa hati ya kifalme itawale upande ulio Kenya ya leo, na upande wetu ulishikwa na kampuni ya Wajerumani mpaka serikali yao ilipoutwaa yenyewe mwaka 1891, mwaka ule ule wa kitabu. Tukajaribu "Kikosi Cheupe". Hapo vijana wote walielewa mara moja, nao walielewa vibaya: kikosi cha Wazungu. Kumbe weupe huu ni wa mavazi tu. Mwisho tukasema "Kikosi cha Pinde", tukidhani tumefanya hila ndogo ya mfasiri. Baadaye tuliona ya kuwa jina hilo lakifaa kitabu kuliko lile alilolichagua mwandishi.

Sasa lile neno. Kiingereza chamwita Sir Nigel knight. Wafasiri wetu wamezoea kulizunguka: mara shujaa, mara askari wa farasi, mara mtu mwenye cheo cha Sir. Shujaa ni sifa ya moyo, wala mtu hafanywi shujaa kwa kuguswa upanga begani na mkuu wake. Askari ni mtu wa mshahara na amri. Na farasi hapa Shishiyu hatuna. Watu wamjua punda na ng'ombe wa plau, na farasi wamemsikia katika Maandiko, akizama baharini pamoja na gari la Farao. Vifaa vya vita ndivyo visivyotutaabisha hata kidogo. Chapeo, dirii, deraya, ngao na mchukua silaha vimo katika Biblia yetu na katika tenzi za Pwani. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umejaa wapanda farasi wavaao chuma, watokao mmoja mmoja mbele ya safu kujigamba kabla ya kupigana. Basi asiseme mtu ya kuwa Kiswahili hakijapata kuona vita vya namna hii. Kimeviimba zaidi ya miaka 160 kabla ya Doyle kushika kalamu. Na wasomaji wa shule walikutana na deraya tena mwaka 1929, Frederick Johnson alipotoa Mashimo ya Mfalme Sulemani kutoka Kiingereza cha Rider Haggard, maana katika hadithi hiyo Wazungu waingia vitani wamevaa mavazi ya chuma waliyopewa na mfalme Twala.

Lakini cheo chenyewe? Tulitafuta asili ya neno. Katika Kiingereza cha kale cniht ni mvulana. Kisha likawa mtumishi. Kisha kijana amfuataye bwana wake vitani. Ndipo likapanda mpaka likawa jina la heshima. Ndugu yake katika Kijerumani, Knecht, amebaki chini, na maana yake ni mtumishi. Wajerumani na Wafaransa walishika njia nyingine, wakamwita mtu huyo kwa ajili ya mnyama wake, yaani mpandaji. Waingereza peke yao ndio waliomtukuza mvulana.

Tulipokuwa tukieleza hayo, mwalimu mwenzetu, Msukuma, akasema, "Basi huyo ni nsumba." Tukanyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Nsumba ni kijana wa kiume. Zamani za utemi, ambao uliondolewa kisheria mwaka 1963, vijana wa kila kijiji walikuwa na mkuu wao aitwaye nsumba ntale, neno kwa neno "kijana mkuu". Huyu hakutoka katika ukoo wa mtemi. Alitoka kwa watu. Yeye ndiye aliyewaita basumba kulima shamba la mtu aliyeomba msaada, ndiye aliyesimamia ngoma zao, na mvivu au mkaidi alimwona yeye kabla ya kumwona mwingine. Jina ni la ujana, kazi ni ya ukubwa. Yaani Wasukuma nao walimchukua mvulana wakamfanya cheo, pasipo kujua ya kuwa mbali sana watu wengine walikwisha fanya hivyo hivyo. Ila njia mbili hizi hazikufika mahali pamoja. Mvulana wa Kiingereza alipanda kwa farasi na upanga. Wa Kisukuma alipanda kwa jembe na ngoma.

Hatusemi ya kuwa mfasiri aandike "nsumba Nigel". Msomaji wa Tanga au wa Bukoba atapotea. Twasema tu ya kuwa mwalimu wa Usukuma anayo njia fupi ya kueleza jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi, na hata mashindano ya Bordeaux, wapandaji wakigongana kwa mikuki mbele ya watu, yalieleweka hapa bila shida kwa mfano wa Bagika na Bagalu. Vyama hivi viwili vya ngoma vimeshindana tangu karne ya 19, vikitafuta kuvuta watazamaji wengi upande wao, kila kimoja kikitegemea dawa zake. Mzee mmoja aliuliza ni nani aliyewapa wale wa Bordeaux dawa. Tulimjibu ya kuwa walivaa ukaya au glavu ya mwanamke. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitazamia.

Kuna neno moja zuri mno ambalo twapenda kuonya juu yake, nalo ni uungwana. Wako watakaolishika kwa kuufasiri mwenendo wa Sir Nigel, na mara ya kwanza laonekana kufaa sana: adabu, maneno laini, heshima kwa wanawake, kutotupa ahadi. Lakini mwungwana wa Pwani ni mtu wa mji, mstahamilivu, achukiaye ugomvi. Sir Nigel, mtu mfupi, mwenye upara, asiyeona mbali, hawezi kukutana na mgeni njiani asimwombe kwa adabu kubwa wapigane kidogo, pasipo kisa chochote, ili kila mmoja ajipatie jina. Ameweka nadhiri ya kufunika jicho lake moja kwa kitambaa asilifunue mpaka atende tendo la kusifiwa. Watu wa Shishiyu walicheka sana hapo. "Mtu haoni mbali, naye ajifunga jicho?" Kisha kijana mmoja akasema neno ambalo hatukuwa tumelifikiri. Alisema, "Huyu ana sifa."

Twaomba wasomaji walipime neno hilo. Sifa ni tukufu; ni neno tulitumialo kanisani. Lakini mtu akisemwa ya kuwa "ana sifa" au "apenda sifa", amelaumiwa. Neno moja lachukua utukufu na ila yake pamoja, na Kiingereza cha Doyle hakina neno la namna hiyo. Yeye asema honour kila mara kwa uso mkavu, na anapomcheka Sir Nigel amcheka kwa upendo, kama mtu amchekaye babu yake. Msomaji wa Kiingereza atoka katika kitabu akiwa amempenda mzee huyu, nasi tulimpenda pia. Lakini msikilizaji wa Kiswahili, akiambiwa ya kuwa bwana huyu avuka bahari kutafuta sifa, tayari amekwisha pewa nusu ya hukumu pamoja na hadithi. Hii ni faida ambayo mfasiri asiikimbie.

Tena uungwana una jambo jingine ndani yake. Asili ya mwungwana ni mtu asiye mtumwa, na kila palipohesabiwa waungwana palikuwa na wengine wasiohesabiwa. Katika jambo hilo kitabu na neno vyafanana kupita kiasi.

Hapa twafika kwenye sura ambazo kwa maoni yetu ni bora kuliko zote, nazo ndizo zilizotufanya tukikasirikie kitabu. Sir Nigel na watu wachache wapita katika Ufaransa iliyoharibiwa na vita, na Doyle hafichi kitu: vijiji vilivyoteketea, watu waliodhoofika kwa njaa. Wafika ngome ya Villefranche, wakaribishwa kwa chakula kingi, na mwenye ngome awasema wakulima wake kwa dharau. Yumo pia Bertrand du Guesclin, jemadari wa Kifaransa, pamoja na mkewe Tiphaine, mwenye karama ya kuona mambo yajayo. Mama huyu aona katika maono mataifa yasemayo Kiingereza yakienea ng'ambo za bahari, vizazi kwa vizazi. Usiku ule ule wakulima watoka msituni, waichoma ngome, wamwua mwenyewe na mkewe. Wageni wajifungia katika mnara, na wangekufa wote kama kile kikosi kisingalitokea na kuwatawanya wale wenye njaa kwa mishale.

Doyle ameweka chini ya dari moja unabii wa dola na watu wenye njaa, asitazame vilivyo alichokiweka. Wale wakulima hawana jina hata mmoja. Hakuna asemaye neno la mtu. Watoka gizani kama kundi la fisi na kurudi gizani. Na wapiga upinde ni nani? Aylward na wenzake hawana ngome wala nasaba; ni wana wa wakulima wa Uingereza. Katika vita vya Crécy mwaka 1346 na Poitiers mwaka 1356 watu wa namna yao, wakienda kwa miguu, waliwaangusha wapanda farasi wa Kifaransa waliovaa chuma, na tangu hapo enzi ya mpanda farasi ilikuwa imepata ufa. Doyle alijua hayo kabisa. Alikipa kitabu chake jina la kikosi chao, akaandika vizuri juu ya mti wa upinde, juu ya manyoya ya mshale, juu ya masafa na upepo. Tena kila Aylward anapofungua kinywa kitabu chapata uhai. Hata hivyo moyo wake umebaki kwa bwana. Mpiga upinde ampenda bwana, amchekesha msomaji, afa kilimani. Sifa yaenda kwa mwenye farasi. Na mkulima wa Uingereza ampigapo mishale mkulima wa Ufaransa, mwandishi haoni ya kuwa pana jambo la kusimama kidogo.

Wasikilizaji wetu walisimama, tena mapema kuliko sisi. Katika nyumba ya pombe mwanzoni mwa hadithi, Aylward na John wapigana miereka, na dau la Aylward ni godoro la manyoya alilolileta kutoka Ufaransa. Tulidhani watafurahia miereka, nao waliifurahia, lakini mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Godoro la nani?" Tulijibu ya kuwa ni nyara. Akauliza tena, "Ya nyumba ya nani?" Hatukuwa na jibu. Tulipofika Villefranche, majuma mawili baadaye, alisema, "Hao ndio wenye godoro."

Haya si maneno ya kupitisha jioni tu katika nchi hii, nasi twataka kusema wazi kwa nini. Upinde na mshale huku si habari ya kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu: wanaume wa kijiji wenye upinde, waliofungwa kwa kiapo, wakichagua wakuu wao na mmoja wao wakimwita ntemi, wakikimbilia kwa pamoja mwano ulipopigwa. Mwaka 1989 sheria iliwatambua. Vijana wengi tuliowasimulia ni wana wa watu hao, na Kikosi cha Pinde kiliwaingia damuni kwa sababu hiyo. Ng'ombe wengi walirudi kwa wenyewe, na mtu aliweza kulala. Lakini wazee wakumbuka pia ya kuwa pinde hizo hizo, mahali pengine, ziligeuziwa wanawake vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Wenye kiapo waliokusudia kulinda kijiji waliona aibu kubwa kumkosa mwizi, wala hawakuona aibu kumtesa bibi kizee. Wanawake hao nao, katika masimulizi ya ushujaa wa siku zile, mara nyingi hawatajwi majina.

Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana na wale wasemao ya kuwa kitabu cha namna hii kipewe vijana kama kilivyo kwa kuwa kinafundisha ushujaa. Wala hatukubaliani na wale ambao wangekitupa. Kifasiriwe. Lakini mfasiri asikate sura za Villefranche, kama tujuavyo zingekatwa na mtu atakaye kitabu cha shule kilicho chepesi. Akilazimika kukata, akate safari ndefu za Hispania, ambamo mapigano yafuatana hata mtu asahau ni nani anayempiga nani, na Pedro mwenyewe, mfalme ambaye watu walimwita Mkatili, hastahili damu yote iliyomwagwa kwa ajili yake.

Tena asikifasiri kwa Kiswahili cha tenzi. Doyle amewatia watu wake maneno ya kizamani, na mfasiri ajuaye Kiamu atatamani kufanya vivyo hivyo. Aache. Aylward ni mtu wa pombe na njia kuu. Aseme Kiswahili cha watu wasafirio, kama wale wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi waliofika Pwani na kurudi, wakiwa na nyimbo, majivuno na deni.

Na akitaka kuwaonyesha vijana mfano wa bwana ambaye ni mpiga upinde pia, tunaye wetu wenyewe. Askofu Edward Steere wa Unguja alitia habari za Liongo katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili mwaka 1870. Jina la Fumo Liongo lenyewe lina mafumbo yake, kwa kuwa fumo ni mkuu, tena ni mkuki mpana. Lakini mkuu huyu hakuwaachia wengine upinde. Alipochomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mtu wa damu yake aliyehongwa, alitoka akapiga goti karibu na kisima, akatia mshale katika uta, akafa vivyo hivyo. Na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila maji, wakidhani yu hai. Tulipoisimulia hiyo baada ya kumaliza kitabu cha Doyle, yule mwanamke wa godoro hakuuliza kuhusu Liongo. Aliuliza ni nani aliyekuwa akienda kisimani.

Mpaka sasa tumefasiri sura ya miereka na sura mbili za Villefranche, nazo zasomwa hapa katika daftari. Cheo cha Sir Nigel tumekiandika "mpanda farasi mwenye cheo" pale kinapotokea mara ya kwanza, na baada ya hapo twamwita "Bwana" tu, maana ndivyo Aylward angemwita. Kilichotushinda ni lile vazi jeupe la juu, lisilo na mikono, livaliwalo juu ya deraya. Tumeandika "kizibao" kwa muda, lakini vijana wetu wanapolisikia hufikiri juu ya vazi la arusi. Msomaji wa Lamu, Pate au Unguja aliyesikia kwa wazee jina lililo bora, na atuandikie.